Kumtumaini Mungu Shambani na Vitani



Katika masomo yaliyopita tulieleza maombi matatu ya kwanza ya sala ya Baba Yetu, yale yanayohusu jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake. Leo twafika ombi la nne, ombi la mkate. Ni ombi fupi, na mtoto mdogo hulijua kwa moyo. Lakini katika vijiji vya Beni na Lubero ndilo linalowaletea Wakristo maswali mengi kupita yote. Watu huuliza hivi: "Kila asubuhi twamwomba Mungu chakula. Shamba lipo, mvua imenyesha, mihogo imekomaa ardhini, nasi hatuwezi kwenda kuing'oa, kwa kuwa waliotutangulia shambani hawakurudi. Je, Mungu hutusikia?"

Kuuliza hivyo si dhambi. Ayubu aliuliza makubwa kuliko hayo, na mwishoni mwa kitabu chake Mungu aliwakasirikia wale rafiki waliojidai kuwa na majibu yote, wala si yeye aliyelia. Tusiwe basi kama rafiki za Ayubu. Tuendelee polepole.

Swali. Kumtumaini Mungu ni nini?

Jibu. Kumtumaini Mungu ni kumtegemea kama Baba, kumwomba tunayohitaji, kufanya kazi aliyotupa, na kumwachia yeye yale yasiyo katika uwezo wetu.

Mwashika maneno manne yaliyomo: kumtegemea, kumwomba, kufanya kazi, kumwachia. Mtu mmoja huomba na kuketi. Mwingine hufanya kazi usiku na mchana, hata Dominika, kana kwamba riziki yatoka katika misuli yake peke yake. Wa tatu hufanya kazi na kuomba, lakini mambo yakimshinda hukata tamaa, au hukimbilia kwa mganga. Hao wote watatu wameshika kipande tu cha jibu.

Tutazame jinsi Waisraeli walivyofundishwa jambo hili jangwani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, chasimulia habari za mana. Angalieni vizuri namna Mungu alivyowalisha. Mana haikudondoka midomoni mwao. Ilionekana juu ya nchi, nje ya kambi, nao iliwapasa kuamka mapema, kutoka na vyombo vyao na kuiokota, kwa sababu jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Kila mtu aliokota kadiri ya walaji wa hemani mwake. Waliobakiza mpaka asubuhi kwa kutoliamini neno la Mungu, waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Lakini siku ya sita waliagizwa kuokota sehemu mbili, ili wapumzike siku ya Sabato, na siku hiyo haikuoza. Kwa hiyo akiba yenyewe si kosa. Yosefu mwana wa Yakobo aliweka nafaka ya Misri muda wa miaka saba, na kwa ghala zile akawaokoa Wamisri na ndugu zake pia. Kosa ni akiba ya mtu aliyemsahau Baba na kumfungia jirani mlango. Mama anayehifadhi mbegu za maharagi kwa majira yajayo hamkosei Mungu, ni afadhali yeye kuliko yule anayezila zote halafu asema, "Mimi natumaini."

Bwana wetu naye alipowaonyesha wanafunzi ndege wa angani, hakusema kwamba ndege hukaa kiotani wakingoja. Watazameni ndege wa kwetu: kabla jua halijachomoza wamekwisha kuruka. Na Mtakatifu Paulo, ambaye hakuna aliyemtumaini Mungu kumpita, alishona mahema huko Korinto ili asimlemee mtu.

Nchi yetu yenyewe ilipewa mwalimu wa somo hili. Mnajua kwamba mwaka 1934 Beni ilifanywa misioni ya pekee mikononi mwa mapadri wa shirika la Assomption. Mwaka 1938 ikawa vikarieti, mwaka 1959 jimbo, na mwaka 1967 jimbo hilo likapewa jina la Butembo-Beni. Askofu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa nchi hii, aliliongoza tangu mwaka 1966 hadi mwaka 1997. Katika miaka hiyo Serikali ilizidi kuwa mbali na watu. Mvua zilikula barabara, malori yakakwama matopeni, na mazao ya milimani yakaoza kabla ya kufika sokoni. Askofu angaliweza kuwahubiria watu uvumilivu tu, akaishia hapo. Yeye aliwahubiria Maongozi ya Mungu, kisha akawaita waje na majembe na makoleo. Watu walitengeneza barabara kwa mikono yao. Shule na zahanati zikajengwa kwa michango ya wananchi. Na mwaka 1989 Butembo, mji wa wafanyabiashara wasiozoea kungojea Kinshasa, ukapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Wako waliosema kwamba kazi ya askofu ni sala, siyo barabara. Mimi naona kwamba mwenye kusali ombi la nne kwa moyo kisha akaliacha shimo la barabarani linalozuia chakula cha wenzake, hajajua bado anachokiomba.

Sasa tulitazame neno moja dogo la ombi hili. Bwana hakutufundisha kuomba mkate wangu. Alitufundisha kuomba mkate wetu. Katika neno hilo yamo mambo mawili. La kwanza, kwamba ninapomwombea tumbo langu namwombea na jirani yangu. La pili, kwamba mkate niuombao ni ule ulio halali yetu, siyo ule ulioibwa. Hakuna awezaye kumwomba Baba chakula huku mkono wake umo katika chungu cha ndugu yake.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma alilijua hilo. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vilivyopita mpakani. Watu wakamletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa maskini. Kwa desturi za kwetu wengi wangalisema, "Mungu amenifungulia mlango wa riziki." Yeye alikataa. Mwezi wa Julai mwaka 2007 akatekwa na kuuawa, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa likamtangaza Mwenyeheri huko Roma.

Nanyi mnaoishi katika nchi ya kakao, upande wa Mbau, Oicha, Eringeti na Mangina, lisikieni hili bila kukasirika. Mashamba mengi yameachwa na wenyewe kwa hofu ya kuuawa. Mtu anayeingia kuvuna shamba la aliyekimbia, na mfanyabiashara anayenunua magunia hayo akijua yametoka wapi, wamevunja amri ya saba. Na wasijidanganye kwa kutoa fungu la kumi kanisani. Fedha hiyo ina mwenyewe. Yuko katika kibanda cha turubai na watoto wake, akisali Baba Yetu kama wewe.

Tumesema juu ya riziki. Tuje kwenye ushindi, kwa maana katika nchi ya vita mambo haya mawili hayaachani.

Neno ushindi lahubiriwa sana siku hizi. Wako wahubiri wasemao kwamba aliye na imani hashindwi, haugui, wala haguswi na adui. Na kwamba ukitoa sadaka kubwa leo, kesho Mungu atakulipa maradufu. Maneno hayo ni matamu, hasa kwa mtu aliyeumizwa. Lakini yakichunguzwa, si mapya. Mwaka 1905, katika Tanganyika ya Wadachi, Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu maji, nao wakasadiki kwamba risasi zingegeuka kuwa maji. Ushujaa wao haukuwa mdogo, na haki waliyoidai ilikuwa haki; lakini risasi hazikugeuka, na vita vile vya Maji Maji vilipokwisha mwaka 1907 watu wengi sana walikuwa wamekufa kwa silaha na kwa njaa. Mwaka 1964 Simba nao walipita mashariki ya Kongo na dawa kama hiyo, na hata leo vijana wetu wanaoingia msituni huchanjwa na kunyunyiziwa maji. Hirizi humwambia mtu: fanya hivi, na Mungu au mizimu italazimika kukulinda. Hilo si tumaini. Ni biashara na mbingu, na amri ya kwanza yaikataza.

Labda mmoja wenu atauliza: "Padri, na rozari niliyovaa shingoni je? Na maji ya baraka?" Swali zuri. Rozari ni sala. Ukiivaa ili ikukumbushe kusali, vema. Ukiivaa ili izuie risasi huku huisali kamwe, umekwisha kuigeuza hirizi, ingawa padri aliibariki. Mkumbukeni Mwenyeheri Anuarite, yule mtawa aliyeuawa na Simba huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Katika mfuko wa vazi lake alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Kwa sanamu hiyo mwili wake ulitambulikana baadaye kati ya maiti nyingine. Sanamu ile haikuzuia silaha, wala Anuarite hakuichukua kwa sababu hiyo. Aliichukua kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Simba na dawa zao walishindwa katika muda usiofika miaka mingi. Yeye, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Tena kuna namna ya kutumaini ambayo kwa kweli ni kumjaribu Mungu. Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamtaka ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemshika. Yesu akakataa. Hapa kwetu jaribu hilo lilirudi siku za Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ukaenea Beni, Butembo na Katwa, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 kati yao wakafa. Wengine walikataa chanjo wakisema, "Damu ya Yesu inatosha." Wengine waliwaficha wagonjwa, wakaosha maiti usiku kama desturi inavyotaka, na baada ya siku chache nyumba nzima ikazikwa. Kwa kweli palikuwa na sababu za watu kuwashuku wageni waliokuja na magari mengi wakati ambapo wauaji walikuwa hawajafukuzwa. Sitaki kuwahukumu waliokufa. Lakini imani haikuwa sababu ya kukataa dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amwagiza mtu mwenye busara amheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba na kuziotesha dawa katika nchi. Wale Wakristo walionawa mikono mlangoni mwa kanisa, wakaacha kwa muda kupeana mikono ya amani, wakatoa mikono yao ichanjwe, hawakupungukiwa imani hata kidogo. Walimtumaini Baba, wakatumia alichowapa.

Tumefika penye uchungu mkubwa. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014 watu wa eneo la Beni huuawa vijijini, mashambani na barabarani, na baadaye mauaji yakaingia Lubero na Ituri. Waliouawa hawakuwa watu wasiosali. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 huko Komanda waliuawa Wakristo waliokuwa wamekusanyika parokiani kwa mkesha wa sala, na wengi wao walikuwa vijana. Je, tuseme imani yao ilikuwa ndogo? Au Mungu aliwapa kisogo?

Bwana wetu aliulizwa jambo la namna hii. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, alikumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakana waziwazi kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi asiwepo Mkristo atakayemwambia mjane, "Mungeomba vizuri, mume wako angekuwa hai." Maneno hayo ni ukatili, tena ni uzushi. Yesu mwenyewe aliomba vizuri kupita watu wote, bustanini Getsemani, akitoka jasho kama damu, akamsihi Baba amwondolee kikombe. Kikombe hakikuondolewa. Jibu la Baba lilikuja siku ya tatu, kaburini. Hapo ndipo Kanisa linapopata neno ushindi, wala halina chanzo kingine cha neno hilo. Mungu hakumwahidi Mwanawe kwamba hatapigwa. Alimpa kwamba mauti haitamshika. Nasi tuliobatizwa tumeahidiwa hilo hilo. Kwa nini mmoja huokoka na mwingine huuawa katika njia ile ile, hilo hakuna katekista wala askofu awezaye kukueleza, na akijaribu, usimsikilize.

Askofu Kataliko, tuliyemtaja, alionja kidogo kikombe hicho. Alipelekwa Bukavu mwaka 1997 kuchukua kiti cha Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa barabarani tarehe 29 Oktoba 1996. Noeli ya mwaka 1999 aliandika barua ya kuwatetea watu walioporwa na majeshi ya kigeni pamoja na washiriki wao wa nchini. Mwezi wa Februari mwaka 2000 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala huko wakamzuia asiingie Bukavu, akalazimika kukaa Butembo. Hakuwa na askari. Kutoka Butembo aliwaandikia Wakristo wake, nao hawakunyamaza, mpaka mwezi wa Septemba akarudishwa, na mji mzima ukatoka kumlaki. Haya, huo ni ushindi ambao macho yaliuona. Lakini hazikupita wiki tatu, tarehe 4 Oktoba 2000 akafa karibu na Roma. Mtu apimaye ushindi kwa wingi wa siku za kuishi atasema alishindwa.

Nao mfano wa mwisho ni wa kijana ambaye jina lake hatulitaji. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, alikutana na watu walioteswa na vita vya mashariki. Mmoja alikuwa kijana wa eneo la Beni. Baba yake aliuawa mbele ya macho yake, mama yake akachukuliwa. Aliweka chini ya msalaba wa Kristo Mshindi panga lililofanana na lile lililomwua baba yake, akasema amesamehe. Angaliweza kulichukua panga kama lile akaingia nalo msituni. Kuliweka chini lilikuwa jambo gumu zaidi.

Wengi huuliza kama yafaa Mkristo kukimbia. Yafaa. Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, wakakimbilia Misri. Na Paulo huko Damasko alishushwa ukutani ndani ya kikapu. Kukimbia mauti si kukosa imani. Yafaa pia kuilinda nyumba na kijiji, na kuwapa wakuu habari za hatari. Haifai kulipa kisasi, wala kumpiga mawe mgeni kwa sababu tu lugha yake si ya kwetu.

Na wale waliokimbia hula wapi? Zaidi hula katika nyumba zenu, ninyi wenyeji wa Beni, Oicha, Butembo na vijiji vya jirani. Nyumba ya watu sita imekuwa ya watu kumi na watano, na sufuria ni ile ile. Someni tena habari za mjane wa Sarepta katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, akamwandalia Elia kwanza. Wengi wetu hudhani kwamba baada ya hapo pipa lake lilijaa pomoni. Maandiko hayasemi hivyo. Yasema kwamba unga haukwisha. Kila asubuhi yule mama alikuta chini ya pipa kile cha siku ile tu, akapika, na kesho yake akainama tena kutazama.

Katika mkutano wa jumuiya wiki hii, katekista awaulize watu mambo mawili, na majibu yaandikwe katika daftari. Ni nani aliye na shamba karibu na makazi, mahali pa usalama, ambalo halilimwi? Na ni nani kati ya wageni wetu aliye na nguvu na jembe, lakini hana mahali pa kulima? Wazee wawakutanishe hao kabla ya mvua, na mapatano juu ya mavuno yafanywe mbele ya mashahidi ili pasiwe na ugomvi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza ombi la tano, linalohusu kusamehe waliotukosea. Wenye maswali juu yake wampe katekista wao kwa maandishi kabla ya Ijumaa.

Tumsifu Yesu Kristo.